Ukuta wa Kibla Hautiwi Simiti

Nilipoaga ofisi yetu ya kuhifadhi majengo ya kale mwezi uliopita, nyinyi vijana mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, mkaniomba nisimame niseme maneno machache. Nilisema machache kweli, kwa sababu bosi wenu alikuwa amekaa mstari wa mbele na mimi nina adabu zangu. Haya hapa ndiyo mengi. Someni mkipata nafasi, na atakayeudhika ajue kwamba sina tena kazi ya kufukuzwa.

Vyeo nitaviruka. Nilianza chini, nikaishia juu kidogo, na katikati palikuwa na mikutano. Mkitaka kujua habari za mshahara, angalieni viatu vyangu.

Nilikuja Mombasa kutoka Wundanyi nikiwa msichana mwenye cheti cha uchoraji wa ramani za majengo. Mimi ni Mtaita, Mkristo wa kubatizwa, na kabla ya hapo sikuwahi kukaribia msikiti ila kwa kuupita njiani. Siku yangu ya kwanza, mkubwa wetu wa wakati ule aliniuliza kama najua kupika chai. Nikamwambia najua, lakini sikuajiriwa kwa hilo. Akacheka, akidhani namtania. Mchana ule ule akanituma Mji wa Kale nikachore msikiti mdogo, nadhani kwa kutaka kuona nitarudi nikilia au la.

Jina la msikiti sitaliandika. Wenyewe wapo hai na wanasoma. Uko katika uchochoro ambao tuktuk ikiingia lazima itoke kinyumenyume. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hauna mnara wa kutamba nao, na kwa nje, kando ya ukuta wa kibla, ule wa upande wa Makka, kuna baraza ya mawe ya watu kukaa. Nilifika na karatasi zangu kwapani, nikaelekea mlangoni moja kwa moja, viatu miguuni, kichwa wazi. Mtu akakohoa.

Aliyekohoa alikuwa Fundi Kombo, mwashi wa ofisi yetu, ambaye alikuwa ametangulia kunisubiri.

"Sabalkheri, mwanangu. Waenda wapi?"

"Ndani, kuchora."

"Ndani wako wanaume, watawadha. Njoo hapa kwanza, uketi."

Imamu alikuwa amesafiri, na bila idhini yake nisingeingia. Basi Kombo akaingia na utepe wa kupimia, mimi nikasimama nje dirishani, akawa ananipigia kelele vipimo: upana wa mihrabu, unene wa nguzo, nafasi kati ya boriti na boriti. Nikauchora msikiti mzima kwa masikio. Imamu aliporudi aliitazama ile ramani kwa muda, akauliza ni mwanamume gani aliyeingia kuichora. Alipoambiwa, alisema siku nyingine nije baada ya sala ya adhuhuri, nijitande ushungi, nivue viatu, nami nitakaribishwa. Tangu hapo sijakataliwa mlango wa msikiti wowote Mji wa Kale. Milango niliyokataliwa ni ya maofisi.

Kombo ndiye aliyenilea kazini. Alinifundisha kwamba matumbawe huchomwa yakawa meupe, yakimwagiwa maji yakachemka yenyewe bila moto, kisha chokaa hiyo ikalazwa shimoni chini ya maji kwa miezi mpaka ilainike kama samli. Ukiiharakisha, itapasuka ukutani na kila mpita njia ataiona aibu yako. Alinifundisha kutumia timazi, ile risasi iliyofungwa kwenye uzi, ambayo ukiining'iniza itakuonyesha kama ukuta umesimama wima au umelala. Timazi yangu nimeondoka nayo, msiitafute. Nilijinunulia mwenyewe baada ya kuisubiri ya ofisi hadi nikachoka.

Na nisimfanye Kombo malaika. Nyumbani kwake alikuwa amepiga lipu ya simiti kuta zote na juu yake rangi ya mafuta ya kijani. Nikimuuliza, ananiambia idara hiyo mkubwa wake ni mkewe.

Hii habari ya simiti inabidi niieleze vizuri, kwa sababu kila mwaka anakuja mmoja wenu na shahada mpya akiniuliza tatizo liko wapi. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na hewani, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiuvisha simiti, maji yanaingia yasipate pa kutokea. Chumvi inakula mawe kwa ndani. Kwa nje unaona ukuta umenyooka na unapendeza, na ndani umeshakuwa uji. Simiti ni nzuri sana kwa madaraja. Ipelekeni kwenye madaraja.

Nimeishi Tononoka miaka yangu yote ya kazi, na huko nako nilikuwa na kesi zangu. Mama mmoja wa kwaya kanisani kwetu alinishika mkono baada ya ibada akaniuliza, "Wakio, nchi yote hii ya Wakristo, umekosa kanisa la kutengeneza?" Nikamwambia makanisa yetu yamejengwa juzi tu, yakifika umri wa ile misikiti nitakuja na ngazi. Hakunisemesha mpaka Pasaka. Mgeni mmoja kutoka ofisi kuu ya bara naye aliuliza mkutanoni kwa nini serikali ijisumbue na majengo ya dini ya watu wachache. Wenzangu walitazama meza. Nikamjibu kwamba misikiti ile ilikuwa imesimama kabla hatujawa na nchi ya kuhesabia nani wachache na nani wengi. Baada ya mkutano ule sikuandikwa tena kwenye orodha ya chakula cha mchana, na sikujuta.

Jambo jingine la kazi: nyumba za Mji wa Kale hazibomolewi siku za kazi. Hubomolewa sikukuu, ofisi zikiwa zimefungwa. Wakati mmoja tulirudi baada ya mapumziko marefu tukakuta nyumba moja nzima haipo. Ilikuwa na vidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, vilivyochongwa kwa lipu ya chokaa, safu juu ya safu, kazi ambayo leo hakuna mkono wa kuirudia. Mimi na Kombo tulifuata malori mpaka Kibarani, enzi zile bado ni jaa la taka, tukaingia na majembe katikati ya ndege korongo na moshi. Tulifukua vipande vya vidaka kutoka chini ya maganda ya madafu na nepi za watoto. Mwenye nyumba alikuja mbio kuuliza twafanya nini na takataka zake. Nikamuuliza kama ni takataka, yeye anazifuata za nini. Vipande vile viko kwenye kabati la ofisi, rafu ya chini. Nilinuka wiki nzima. Basi kumbukeni: sikukuu ndiyo siku yenu ya kazi.

Sasa nije kwenye ukuta.

Katika mtaa wa msikiti ule ule nilioanzia kazi aliishi Mzee Abdalla, muuza vitambaa, aliyesali mstari wa kwanza tangu ujana wake. Nilikuwa nimebakisha miaka michache nistaafu alipofariki. Wanawe, mkubwa wao akiitwa Swaleh, walitaka kumtolea baba yao sadaka ya kudumu, ile ambayo thawabu zake humfikia maiti kaburini kila watu wanapoitumia. Wakaamua kuuvisha vigae ukuta wote wa kibla kwa ndani, kutoka sakafuni hadi darini, vigae vya samawati vyenye maua ya dhahabu. Kamati ya msikiti ikaomba dua, ikakubali. Nani atakataa sadaka ya marehemu?

Mimi.

Ukuta ule tayari ulikuwa umepigwa simiti na wafadhili wa zamani, nao pia watu wema. Niliugonga kwa nyundo yangu ndogo, na badala ya sauti ya jiwe nikasikia sauti ya debe tupu. Fundi Kombo alikuwa amestaafu kabla yangu lakini hakuacha kuja kazini. Kwa ruhusa ya imamu akatoboa tundu dogo. Mchanga wenye majimaji ulimwagika hadi kwenye mkeka. Kamati ikaja, ikatazama, ikasikitika, ikasema basi ndiyo sababu vigae viharakishwe, viuzibe.

Nikaenda kwa bosi. Huyu hakuwa yule wa chai, alikuwa mwingine, ingawa mngewaweka pamoja mngedhani wamezaliwa nyumba moja.

"Wakio, achana nao," aliniambia. "Msikiti ni wao, ukuta ni wao. Kesho utasikia redioni kwamba serikali ya Wakristo inazuia watu kutengeneza msikiti wao."

"Na ukianguka sala ikiendelea?"

"Ukianguka tutasikitika."

Sheria nilikuwa nayo. Ningeweza kuandika amri ya kusimamisha kazi na kwenda na askari wakaibandike mlangoni. Lakini watu wa pwani na askari walikuwa wakitazamana kwa jicho baya wakati ule, na mimi nilijua kwamba siku mwanamke Mkristo atakapokuja na askari mlangoni pa msikiti, hata kama ukuta utapona, hakuna mhifadhi atakayekaribishwa tena mtaa ule. Niliwaza siku nzima. Kisha nikakumbuka kwamba uchochoro ule ni mwembamba, na vigae vikija kwa mkokoteni havina pa kushushwa ila juu ya ile baraza ya nje.

Nikaenda nikakaa barazani.

Asiyekulia pwani haelewi uzito wa jambo hili, nami ilinichukua miaka kulielewa. Aliyekaa barazani lazima aamkiwe. Ukishamuamkia umemuuliza habari za nyumbani, na ukishamuuliza habari za nyumbani huwezi kumwambia ainuke. Baraza ya msikiti ni ya wanaume. Hakuna aliyewahi kusema mwanamke asikae pale. Ni kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukaa. Nilijitanda ushungi wangu, nikaweka mkoba pembeni, nikanyoosha miguu.

Mkokoteni wa kwanza ulifika asubuhi ile. Hamali alikuwa anatiririka jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na kazi."

"Nishushe wapi hivi?"

"Popote unapoona pana nafasi."

Akatazama uchochoro juu, akautazama chini. "Mama, nafasi ndiyo hiyo uliyoikalia."

"Basi ngoja niinuke."

"Wainuka saa ngapi?"

"Bado sijajua."

Alicheka, maskini, akageuza mkokoteni. Vigae vilirudishwa nyumbani kwa Swaleh vikapangwa kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni pake, na vilivyofuata vikapangwa juu ya vile. Nilisikia kwamba mkewe alikuwa akiingia na kutoka kwa ubavu.

Aliyenijia wa kwanza alikuwa Bi Zuhura, mjane wa nyumba inayokabiliana na msikiti, mwanamke ambaye akishuka ngazi mtaa mzima hujua kwa sauti ya kandambili zake. Alikuja na sahani ya mahamri na mbaazi.

"We Wakio, mbona umeketi peke yako kana kwamba huna watu? Hebu sogea. Miaka hini yote naitazama baraza hini kwa dirishani, sijui hata yauma au haiumi." Akakaa, akajipapasa nyonga. "Yauma."

Adhuhuri wanaume walikuja wakatukuta. Wakatuamkia mmoja mmoja, kama ipasavyo, wakauliza habari, wakajibiwa. Wengine walicheka. Wengine walipita na uso wa kununa, lakini salamu waliitoa. Baada ya sala walisimama mlangoni wakinong'ona. Mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kwamba serikali sasa imetuma wanawake. Bi Zuhura akamjibu kwamba serikali haikumtuma yeye, ametumwa na mgongo wake uliochoka kusimama dirishani. Tukaja kesho yake, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Bosi alinipigia simu mara kadhaa. Nilikuwa nikimwambia niko uwandani.

Hatimaye Swaleh akaja mwenyewe. Mtu mzima, mwenye duka lake, ndevu zimeanza mvi. Aliamkia vizuri.

"Sabalkheri, Bi Wakio."

"Alheri, Swaleh. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Ila hawana ndia ya kupita."

Bi Zuhura aliangalia pembeni ili asicheke. Swaleh hakucheka.

"Mimi nakuheshimu," akasema. "Wewe nimekuona hapa tangu nikiwa na kaptura. Lakini niambie ukweli wa Mungu. Wewe ni Mkristo. Wajua nini wewe kuhusu thawabu?"

"Kuhusu thawabu sijui kitu, Swaleh. Kuhusu ukuta najua."

"Babangu yuwangoja kaburini. Wewe wamzuilia haki yake."

Hapo niliumia, siwafichi. Nami nina baba aliyelala Wundanyi, na najua mtoto anavyotapatapa akitafuta la kumfanyia mzazi ambaye hahitaji tena chai wala koti. Nilitaka kumwambia pole, chukua baraza yako, fanya utakavyo. Lakini niliumia nikiwa nimekaa, na sikuinuka.

"Babako alikuwa akisali wapi?" nikamuuliza.

"Mstari wa mbele. Kushoto mwa mihrabu."

"Na wewe?"

"Hapo hapo pake."

Nikatoa timazi mkobani nikampa. "Ingia na Fundi Kombo. Ining'inize mahali hapo, uzi uanzie juu kabisa. Halafu uje uniambie."

Mimi nilibaki barazani. Kupitia dirishani nilimsikia Kombo akisema, "Shika uzi uguse ukuta huko juu. Usiusukume."

"Siusukumi."

Kisha sauti ya Swaleh tena, ndogo, "Siusukumi, Fundi."

Nilijua anachokiona, maana nilikwisha kukiona. Juu uzi ulikuwa umegusa ukuta. Chini risasi ilikuwa imening'inia mbali na ukuta, pale pale juu ya mkeka ambapo msalaji huweka paji la uso akisujudu. Ukuta ule ulikuwa umemwinamia baba yake miaka yote, na sasa ulikuwa unamwinamia yeye, na alikuwa anataka kuutwisha vigae.

Alitoka akanirudishia timazi. Hakuondoka. Alikaa upande wa pili wa Bi Zuhura.

"Ukibanduliwa simiti," akasema mwisho, "watu wataona nini?"

"Chokaa. Nyeupe."

"Na la babangu litaonekana lipi?"

"Hakuna litakaloonekana."

Bi Zuhura akadakia.

"Swaleh, wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Zamani mwezi wa Shaabani, Ramadhani yakaribia, mtaa wote ulikuwa ukitoka kuupaka chokaa msikiti huu. Kila nyumba na brashi yake. Mkorogaji alikuwa babako. Hakuna mwengine aliyeaminiwa. Ramadhani ikiingia, mato yake mekundu, mikono imebabuka. Mamako akimpaka mafuta ya nazi usiku kucha akimtukana." Akamgeukia. "Jina lake uliliona wapi?"

"Sikuliona popote."

"Basi."

Desturi ile ilikufa rangi za madukani zilipokuja. Rangi ya kopo hudumu, watu walisema, basi mabrashi yakawekwa, simiti ikafuata, na ukuta ukaanza kuoza.

Msidhani Swaleh alilainika mara moja. Aliinuka akaniambia, "Wallahi, ukianguka mkiubandua, mimi na wewe tutaonana."

"Ukianguka nitakuwa chini yake," nikamwambia, na sikuwa natania.

Bosi aliposikia kwamba nimeanza kubandua ukuta wa msikiti kwa ruhusa ya imamu lakini bila baraka zake, aliniita akanitangazia uhamisho wa kwenda bara. Nikamwambia sawa, lakini kwanza naanza likizo zangu zote nilizokuwa sijachukua. Aliuliza nitazimalizia wapi. Nikamwambia likizo yangu ni shauri yangu. Nilizimalizia kwenye jukwaa la ukuta wa kibla, saa za kati ya sala na sala, nimevaa ushungi uliojaa vumbi la simiti la watu wema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole mno. Tuliusimamisha ukuta kwa boriti, mstari wa kwanza wa wasalaji ukarudi nyuma, tukabandua simiti kipande kidogo kidogo kwa tindo na nyundo, bila mashine. Kila tulipofungua tulitoa mawe yaliyooza, tukajaza mapya kwa chokaa, tukangoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Swaleh na ndugu zake walikuja kila baada ya alasiri, mwanzo kutuchunga, kisha kubeba mawe. Sadaka yao ikawa boriti na chokaa, vitu ambavyo vikishaingia mahali pake hakuna anayevitazama. Kamati ilinung'unika kwamba ni sadaka isiyo na sura. Imamu aliwaambia kwamba sadaka ya siri ndiyo waliyofundishwa, na mimi nikanyamaza, maana na sisi ndiyo tuliyofundishwa. Vile vigae vya maua tulivitia kwenye birika la kutawadhia. Panapomwagika maji kila saa, kigae kina akili.

Ukuta haukuanguka. Kuna asubuhi ulitoa sauti, na Kombo akaweka mkono wake juu yake akasoma alichosoma, na mimi nikasali Baba Yetu kimoyomoyo, na sote tukarudi kazini bila kuulizana. Ulikauka. Shaabani ilipofika, Bi Zuhura alipita nyumba kwa nyumba akiwagongea milango, wakatoka na mabrashi, wengine hawajui hata kuyashika. Swaleh alikoroga. Mimi nilipaka upande wa nje, nikababuka mikono mpaka kwenye viwiko, na sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini. Watu wanaupaka hadi leo, kila mwaka. Nyinyi mnaofikiri kuhifadhi ni kufunga kamba na kuandika "usiguse", nendeni mkapake.

Uhamisho wangu ulisahaulika. Picha za ukuta ule zilifika ofisi kuu, zikasifiwa, na bosi akagundua kwamba jambo lile lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Sikumbishia. Ukuta ulikuwa umesimama, na hilo ndilo nililotaka.

Lakini alasiri moja bosi alikuja uchochoroni na wageni wawili wenye tai, fundi mwenye mashine ya kutobolea, na mfuko wa simiti begani mwa kijana wa ofisi. Yeye mwenyewe alibeba kibao cha marumaru. Kilikuwa kimechorwa jina la ofisi, na chini yake, kwa herufi za dhahabu kubwa kuliko za ofisi, jina lake. Kingewekwa nje, juu kidogo ya baraza, ukutani.

Hakuniambia mapema. Nadhani mtu alimwambia Bi Zuhura. Tulipofika, mimi nikiwa nyuma ya msafara nimekasirika, tulikuta baraza imejaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi Kombo alikuwepo. Ndugu zake Swaleh walikuwepo. Bi Zuhura alikuwa katikati akijipepea kwa kipepeo chake cha ukili. Swaleh alikuwa pembeni, karibu na mlango.

Bosi alikuwa mtu wa bara, lakini aliishi pwani kiasi cha kujua kwamba lazima aamkie. Akaanza mwanzo wa baraza, mkono kwa mkono. Kila mmoja alimuuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za safari, na kila mmoja alingoja ajibiwe. Wageni wenye tai walikuwa wakitazama saa. Alipofika kwa Swaleh alikuwa anafuta jasho.

"Tunaomba mtupishe kidogo," akasema, akainua kile kibao wakione. "Ni cha kumbukumbu. Kitakaa hapo juu, kwa simiti kidogo tu."

Hakuna aliyesogea. Swaleh alikisoma kibao chote, taratibu, kama mtu anayesoma ili aelewe.

"Bwana mkubwa," akasema, "karibu uketi. Lakini jina la babangu halimo kwenye ukuta huu. Hili lako litapitia wapi?"

Bosi akanitazama mimi. Bi Zuhura akajisogeza upande mmoja, Kombo upande mwingine, nafasi ikatokea katikati yao, nami nikaenda nikakaa.

Kibao kiko stoo, nyuma ya mlango, kimegeuzwa uso ukutani. Mtakutana nacho siku mtakayotafuta ngazi. Kiacheni hapo hapo.